Dennis Ritchie, Mtu wa Mafaili Ishirini

Julai iliyopita nilikuwa Newala kwa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo sisi wa Elimu tunayaita TP. Mimi ni mtoto wa Masasi, kule chini penye miamba, lakini bibi mzaa mama anaishi Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Nilipoona nimepangiwa shule ya sekondari ya huko nilifurahi, maana bumu lilikuwa limeshakata na kwa bibi hakuna anayenidai kodi. Nilikwenda kufundisha Hisabati. Nimerudi na habari za Mmarekani mmoja aliyefariki nikiwa darasa la pili, na naona kila mwanachuo mwenye simu mfukoni angefaa kumjua.

Ilianza hivi. Shule ilikuwa na wanafunzi 1,146. Baada ya mtihani wa Juni kila mwalimu wa somo alikabidhi orodha yake ya alama, orodha moja kwa shule nzima, na masomo ni tisa. Mwalimu wa taaluma aliposikia kwamba nasoma pia kompyuta, aliniomba nimsaidie kutoa ripoti ya kila mwanafunzi. Kazi hiyo walimu huifanya kwa mkono, usiku, karibu wiki nzima. Na safari hii haraka ilikuwepo: kikao cha wazazi kilikuwa kimeshatangazwa, na kuna wazazi wanaotoka vijiji vya mbali kuja kusikia mtoto amesimamaje. Mimi kwa kujiamini kwa mtu wa mwaka wa pili nikamwambia mwalimu asihangaike, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Niliandika programu fupi kwenye laptopu yangu ya mtumba yenye Linux. Programu inasoma orodha ya Baiolojia. Kwa kila jina inafungua faili la mwanafunzi huyo, inaandika alama yake, inahamia jina linalofuata. Faili haifungi, kwa sababu masomo mengine manane yanakuja na kila moja lina alama ya kuongeza humo. Ilikwenda vizuri hadi mwanafunzi wa 1,020. Kwa wa 1,021 ikasimama. Mfumo endeshi ulinijibu kwamba mafaili niliyoyafungua yamezidi.

Nilitaka kujua kwa nini 1,020 na siyo 1,000 au 2,000. Kumbe hesabu yenyewe ni rahisi. Kwenye Linux ya kawaida programu moja inaruhusiwa kushika mafaili 1,024 kwa wakati mmoja, labda mwenye kompyuta abadilishe. Nafasi tatu zimeshachukuliwa kabla hujaanza: moja ya kinachoingia kutoka kibodi, moja ya kinachotoka kwenda kwenye skrini, moja ya taarifa za makosa. Nafasi ya nne ilikuwa ya orodha ya Baiolojia yenyewe. Zinabaki 1,020. Nikaanza kutafuta ni nani aliyeamua kwamba faili lishikwe kwa namba na namba ziwe na mwisho. Usiku ule, nimekaa kwenye mkeka kwa bibi, ndipo nikakutana na Dennis MacAlistair Ritchie.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, jimbo la New York, akakulia Summit, New Jersey. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, na mwaka 1951 alishiriki kuandika kitabu kuhusu saketi za swichi, zile zinazounganisha simu moja na nyingine. Kwa hiyo Dennis alikua katika nyumba ambayo mambo hayo yalikuwa kazi ya baba. Alisoma Fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1963, kisha akabaki hapohapo kwa masomo ya juu ya Hisabati Tumizi.

Hapa pana jambo ambalo sisi wa chuo litatugusa. Kufikia mwanzoni mwa 1968 Ritchie alikuwa amekamilisha tasnifu yake ya udaktari, inayohusu ugumu wa ukokotoaji na programu zinazojirudia kwa mizunguko. Wasimamizi waliikubali. Kilichobaki ni kuwasilisha nakala iliyojalidiwa, yaani kubaindi, kama tunavyofanya sisi stesheneri za nje ya geti. Hakuiwasilisha. Mwenzake wa masomo, Albert Meyer, alikuja kusimulia alivyosikia: kwamba Ritchie aliona kama maktaba ya chuo ndiyo inayoitaka nakala yenye jalada, basi maktaba ndiyo iilipie. Ikaishia hapo. Mtu ambaye dunia nzima ingekuja kumwita daktari hakupata cheti hicho maisha yake yote. Tasnifu ilikaa bila kuonekana hadharani zaidi ya miaka 50, hadi mwaka 2020 nakala iliyohifadhiwa na ndugu zake ilipowekwa wazi na jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta kule California. Simshauri mtu amwige. Wengine hapa tukichelewa kuwasilisha tunakula sapu, na ukizidisha unadisko.

Mwaka 1967 alikuwa ameshajiunga na Bell Labs huko Murray Hill, alikofanya kazi baba yake. Wakati huo maabara ilishirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kujenga mfumo endeshi mkubwa ulioitwa Multics. Mfumo ulikuwa na mawazo mazuri, lakini ulichelewa na ulikula pesa. Mwaka 1969 Bell Labs ikajitoa. Ritchie, rafiki yake Ken Thompson na wenzao wakabaki hawana mfumo wa kuchezea. Thompson akapata kompyuta ndogo ya zamani, PDP-7, ambayo haikuwa na kazi nyingi, akaihamishia mchezo wake wa kusafiri angani, na juu ya mashine hiyo akaanza kujenga mfumo mdogo kutokana na michoro ya mafaili ambayo yeye, Ritchie na Rudd Canaday walikuwa wameichora. Huo ndio uliokuja kuitwa Unix.

Walihitaji mashine bora. Uongozi haukutaka kusikia tena habari za kununua kompyuta kwa ajili ya mfumo endeshi, Multics ilikuwa imewaunguza. Basi kikundi kikaomba mashine kwa sababu nyingine: kuandaa nyaraka za idara ya hataza. Wakapewa PDP-11. Wakaipelekea idara hiyo huduma waliyoiahidi, na Unix ikakua humohumo.

Sasa angalia walichokuwa nacho. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Mfumo ulichukua 16, programu za watumiaji zikabakiwa na 8. Diski nzima ilikuwa na kilobaiti 512. Picha moja ya WhatsApp ya kuku wa bibi haiwezi kuingia kwenye kumbukumbu hiyo. Katika eneo hilo walihudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo ninapomwona Ritchie vizuri. Yeye na Thompson waliamua kwamba programu isijue faili liko wapi kwenye diski. Programu inaomba faili kwa jina. Mfumo unakagua kama ina ruhusa, unalitafuta, kisha unairudishia namba ndogo: tatu, nne, tano. Kuanzia hapo programu inataja namba tu. Wenye kumbukumbu za masijala wataelewa haraka. Unakwenda dirishani, unataja jalada, karani anakagua kama unahusika, analitoa kabatini na kuliweka kwenye meza yenye nafasi zilizoandikwa namba. Hutaji tena jina refu la jalada, unasema leta namba nne. Namba hiyo mimi naiita kishikio. Uzuri wake ni kwamba kibodi, skrini, printa na faili la kawaida vyote vinashikwa kwa namna moja. Programu haina haja ya kujua inaongea na kitu gani.

Lakini meza ina ukubwa wake. Kila programu inayoendeshwa ilipewa jedwali dogo la vishikio, na jedwali hilo lilikaa katika kumbukumbu ileile ya kubana. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, programu moja iliruhusiwa mafaili 15. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, yakawa 20. Toa yale matatu ya mwanzo, unabaki na 17. Kwa hiyo mimi niliyelalamika kwa 1,020 nilikuwa nalalamika nikiwa nimeshiba.

Na kuna kitu kingine katika toleo hilohilo la sita ambacho kilinifanya niamke nikae. Diski za enzi hizo zilikuwa za polepole sana kuliko kumbukumbu. Basi ndani ya mfumo waliweka visanduku 15, kila kimoja kinabeba kipande kimoja cha diski chenye baiti 512. Programu ikitaka kipande, mfumo unaangalia kwanza visandukuni. Kikiwemo, hakuna safari ya diski. Kisipokuwemo na visanduku vyote vimejaa, mfumo unachukua kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vyote, unakiacha kiende, unaleta kipya. Kwa lugha ya kompyuta akiba hiyo ya karibu inaitwa kashe.

Nilimweleza bibi jambo hilo asubuhi yake na hakuona ajabu yoyote. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, mvua inazama kwenye mchanga, na maji yako chini mabondeni. Bibi alipokuwa msichana waliteremka mteremko kabla ya kupambazuka na kupanda na maji kichwani. Mtu wa namna hiyo hamfundishi kwamba maji ya kupikia yakae karibu na jiko na kwamba safari ya bondeni haifanywi kwa kikombe kimoja. Aliniuliza tu kama mimi nilikuwa nimeteremka na vikombe 1,146. Nikanyamaza, maana ndivyo ilivyokuwa.

Rafiki yangu mmoja wa hapa chuoni, nilipomwandikia, aliniambia niongeze tu kikomo, amri ni moja na haina gharama. Ni kweli, nilijaribu na ikakubali. Lakini programu ile ingebaki shuleni baada ya mimi kuondoka. Ingeendeshwa kwenye kompyuta nisiyoijua, na kila kompyuta ina kikomo chake. Za Mac kwa kawaida huanzia 256. Tena kikomo kina faida. Programu inayosahau kufunga mafaili itakatwa mapema badala ya kula nafasi za wenzake. Nikaamua kufanya kama visanduku vya Unix: programu ishike mafaili 500 tu. Likihitajika jipya na nafasi zimejaa, ilifunge lile ambalo halijaguswa kwa muda mrefu zaidi, na likihitajika tena ilifungue upya. Wala sikuwa wa kwanza. Gawk, kizazi cha awk ambayo Brian Kernighan, jirani wa Ritchie pale Bell Labs, alishiriki kuitunga, hufanya mzunguko huo yenyewe mafaili yanapozidi, na lugha ya Perl ina moduli nzima kwa kazi hiyo, FileCache.

Programu ilikimbia hadi mwisho bila kulalamika. Saa tatu usiku, kikao kikiwa kesho yake saa tatu asubuhi, mimi na mwalimu wa taaluma tukaanza kuchapa. Tulikuwa tumeshachapa karatasi zaidi ya 50 mwalimu aliponyanyua moja, akaitazama, akachukua ya pili, ya tatu. Kila mwanafunzi alikuwa na somo moja tu. Uraia. Shule nzima haikuwa imefanya Baiolojia, wala Hisabati, wala Kiswahili. Ilikuwa imefanya Uraia, na wastani umehesabiwa kwa kugawanya kwa tisa. Kijana wa kwanza darasani alikuwa na wastani wa 10. Mwalimu hakunifokea. Aliuliza kwa upole kama zile orodha za mwanzo bado zipo. Zilikuwepo, mzima mzima, na hapo ndo nilipovuta pumzi.

Kosa lilikuwa herufi moja. Ukifungua faili kwa herufi w unasema nataka kuandika, na kama faili lilikuwa na kitu, kinafutwa. Ukifungua kwa herufi a unasema nataka kuongeza mwishoni. Mimi nilitumia w kila mara. Mafaili yalipobaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho haikuwa na madhara. Lakini nilipoanza kufunga na kufungua, kila somo jipya lilifuta somo lililotangulia, na Uraia ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa alfabeti.

Basi nikamrudia Ritchie, maana herufi hizo pia zinatoka kwake. Hapo nirudi nyuma kidogo. Unix ya kwanza iliandikwa kwa lugha ya assembly. Ritchie alichukua B, lugha ya Thompson, akaipa aina za data na kuijenga upya hatua kwa hatua kati ya 1971 na 1973. Ikaitwa C. Mwaka 1973 yeye na Thompson wakaandika upya kiini cha Unix kwa C, jambo ambalo wakati huo wengi waliona haliwezekani kwa mfumo endeshi. Tangu hapo Unix haikufungwa tena kwenye mashine moja. Mwaka 1974 wakachapisha makala iliyoutangaza mfumo wao. Kwa vile kampuni mama ya AT&T ilikuwa imebanwa na makubaliano ya mahakama ya mwaka 1956 isiingie kwenye biashara ya kompyuta, vyuo vikuu viliupata Unix pamoja na msimbo wake kwa bei ndogo. Wanafunzi wakausoma, wakaurekebisha, wakaugawa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Ritchie aliandika upya maktaba ya C ya kusoma na kuandika mafaili, yenye herufi r, w na a. Mwaka 1978 yeye na Kernighan wakatoa kitabu chao cha C, chembamba kuliko madaftari yetu mengi, na humo imeelezwa wazi kwamba kufungua kwa w faili lililokuwepo ni kutupa kilichomo. Onyo lilichapishwa kabla mama yangu hajazaliwa. Python niliyoitumia mimi imezirithi herufi hizo kama zilivyo.

Usiku ule nikarekebisha: mara ya kwanza kabisa faili linafunguliwa kwa w, ili takataka za jaribio la jana ziondoke, mara zote zinazofuata linafunguliwa kwa a. Majibu yakatoka sahihi. Lakini nilipohesabu mara ambazo programu ilifungua mafaili, nilikuta 10,314. Yaani 1,146 mara tisa. Kashe yangu ya nafasi 500 haikusaidia hata mara moja.

Ukifikiri utaona kwa nini. Orodha ya Baiolojia inapita majina yote 1,146. Ikifika mwisho, mezani yamebaki yale 500 ya mwisho. Orodha ya Fizikia inaanza na jina la kwanza, ambalo lilishafungwa zamani. Kulifungua, unafunga moja ya yale 500, na ndivyo kila faili linavyofungwa muda mfupi kabla ya zamu yake kurudi. Kanuni ya kuacha kilichosahaulika inafanya kazi pale tu kitu ulichokigusa punde ndicho utakachokigusa tena punde. Kazi yangu ilikuwa imepangwa kinyume kabisa.

Dawa haikuwa meza kubwa zaidi. Niliacha kwenda somo kwa somo, nikaenda mkondo kwa mkondo. Kidato cha Kwanza A kwanza, masomo yao yote tisa, halafu B, hadi mwisho. Mkondo mmoja una wanafunzi 60 hivi. Mafaili yao yanakaa mezani, yanapata alama zote tisa, kisha hayaguswi tena. Nikahesabu tena: mafaili yamefunguliwa mara 1,146, kila moja mara moja tu, na hata ningeweka nafasi 70 badala ya 500 ingetosha. Saa saba usiku tulikuwa tunachapa ripoti za kweli. Wazazi walipofika asubuhi, karatasi zilikuwa mezani zimepangwa kwa mikondo.

Mzee mmoja aliyetoka kijijini alikaa muda mrefu na ripoti ya binti yake wa Kidato cha Pili, anapitisha kidole kutoka somo la kwanza hadi la tisa. Mwaka huu binti ana mtihani wa taifa, na asipofaulu anarudia darasa. Hisabati alikuwa na 31. Mzee aliniuliza kama mtoto akibanwa atafika. Nilimjibu kwamba atafika, na jioni zilizobaki nilimfundisha yeye na wenzake saba. Karatasi ya jana yake ingemwonyesha mzee huyo kwamba binti hajui kitu chochote isipokuwa Uraia. Sipendi kufikiri angefanya nini nayo.

Nirudi kwa Ritchie, nimalizie. Mwaka 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1999 Rais Bill Clinton aliwavika nishani ya taifa ya teknolojia. Katikati ya hapo, mwaka 1991, kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo wake kwa C kwa kufuata mwenendo wa Unix. Hiyo ndiyo Linux, na kiini chake ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo bodaboda wa Masasi anayepokea pesa kwa simu, na mnunuzi wa korosho anayepiga picha mzigo wake Newala, wote wanashika mafaili kwa namba ndogo, kwa mpango ule wa Murray Hill.

Wanaomkumbuka wanamtaja kuwa mtu mpole, mwenye haya, asiyependa kujitangaza. Alikuwa mtu wa usiku. Alifika kazini mchana na kuendelea hadi usiku wa manane akiwa nyumbani. Hakuoa. Alistaafu mwaka 2007 akiwa mkuu wa idara ya utafiti wa programu za mfumo. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Wiki moja kabla yake alikuwa amefariki Steve Jobs, na dunia ilikuwa bado inamlilia, kwa haki yake. Simu za Jobs nazo zimejengwa juu ya mfumo wa ukoo wa Unix. Msiba wa Ritchie ulipita kimyakimya. Sikumbuki kama redio ya nyumbani ilimtaja.

Nimemwandika hapa kwa sababu moja. Sisi tumezoea kusema hatuwezi kwa kuwa vifaa ni vichache: maabara ina kompyuta chache, bando limeisha, maktaba imejaa. Mara nyingi ni kweli na tuendelee kudai. Lakini Ritchie na wenzake walipewa kilobaiti 24, wakajiuliza ni nini lazima kiwe mezani sasa hivi na nini kirudi kabatini, na kwa kujibu swali hilo walitoa kitu ambacho bado kinatumika baada ya miaka zaidi ya 50. Mimi nilipewa zaidi ya mara elfu ya hiyo, na kilichoniangusha hakikuwa uchache. Ni mpangilio, na herufi moja.

Programu bado iko kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma. Mwalimu ameniandikia kwamba wameitumia tena Novemba, wanafunzi wameongezeka, na haikukata. Bibi naye anauliza kila nikipiga simu kama nimeshajifunza kuteremka na ndoo. Mwezi ujao narudi Newala kumwona, na yule binti wa Kidato cha Pili nitapita kumuuliza Hisabati imekaaje.